Radhi Iliyokwenda kwa Posta

Hapo zamani, na msidhani ni zamani zile za fisi kuposa, hii ni zamani ya juzi tu, zamani ya stempu na bahasha, palikuwa na mama mmoja pale Mikindani, jina lake Bi Asumini, kazi yake kushona mikeka. Mama huyu alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Mfaume, mwashi, mtu wa amri. Akisema kaa, hata kuku anakaa. Wa pili Somoe, aliyeolewa akaachika akarudi kwa mama yake, mwanamke wa maneno machache na mwandiko mzuri. Wa mwisho Chande, kitinda mimba, na huyo ndiye aliyekuwa mwandishi wa vitabu. Kaeni vizuri, maana mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Chande aliandika vitabu, vikasomwa, vikasomwa, mpaka habari zake zikafika nchi ya baridi, nchi ambayo watu wake hulala na soksi. Wakamwalika akae kwao mwaka mmoja, aandike. Akaenda. Mwaka mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu. Watu wa Mikindani walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Bi Asumini naye alisema atarudi. Somoe hakusema kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akizisoma barua zake, na aliona kwamba zamani Chande akisema "nyumbani" alikuwa na maana ya Mikindani, na sasa akisema "nimefika nyumbani" anasema chumba chake cha huko.

Bi Asumini hakujua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo kila ilipokuja barua, Somoe aliisoma mara mbili, kisha akakaa mkekani na karatasi. Mama alishona huku akisema, Somoe akaandika. Alisema nini? Salamu nyingi, sisi wazima, mguu unaniuma, mvua zimechelewa, Mfaume amepata kazi ya kujenga kisima, ule vizuri, uje tukuone, wasalaam. Basi. Mwisho alichovya dole gumba kwenye wino akabonyeza chini ya karatasi, kwamba haya ni yangu. Bahasha ikafukizwa udi, ikaenda posta. Wiki tatu kwenda, wiki tatu kurudi. Na Chande kule kwenye baridi aliinusa bahasha, akalibusu lile dole la mama yake, akajibu.

Mwaka wa tano ikaja barua nyingine. Chande aliandika: "Mama, nimeomba karatasi za kukaa huku moja kwa moja, niwe mtu wa huku. Sharti lao ni kwamba nisitoke nje ya nchi hata siku moja mpaka majibu yatoke, labda miezi sita. Nikitoka, faili linafungwa, naanza upya."

Bi Asumini aliacha kushona. Somoe akamuuliza, "Nimjibu nini, mama, hilo la kuhamia?"

"Usiandike kitu."

"Hata kidogo?"

"Hilo si la karatasi. Hilo nitamwambia kwa mdomo wangu, naye amekaa hapa, ananitazama usoni. Mwandikie mguu unaniuma."

Somoe akaandika mguu unauma. Dole likabonyezwa, udi ukafukizwa, barua ikaenda.

Mwezi haukuisha, Bi Asumini akashikwa na homa. Siku ya pili akasema, "Mwiteni Chande." Siku ya tatu akasema, "Bado hajaja?" Akamshika Somoe mkono. "Mwiteni, nina neno lake." Somoe akafunga kanga, akatoka mbio kwenda posta kupiga telegramu. Mlangoni akamkuta Mfaume amesimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwita Chande. Mama amesema aitwe."

"Akiitwa atakuja. Akija, karatasi zake zimekufa. Miaka mitano ya watu! Zimebaki miezi minne tu. Na mama atamkuta? Umwangalie mama, useme kweli. Atamkuta?"

Somoe alijua hatamkuta. Alirudi ndani akamwambia mama yake, "Nimemwita." Bi Asumini akatulia. Alifariki mchana ule, watu wakiwa wanatoka kuswali adhuhuri, na lile neno akaondoka nalo.

Sasa mjue desturi ya watu wale. Kwao mtu aliye mbali hapigwi na habari ya msiba akiwa peke yake. Hungojwa. Akifika, habari hazisemwi mlangoni. Majirani huleta chakula, mtu ale ashibe, apate nguvu ya kubeba, ndipo mzee mmoja akohoe aseme. Kwa hiyo Mfaume alipotangaza kaburini kwamba Chande asiandikiwe mpaka afike, hakuna aliyemshangaa. Mji mzima ulifunga mdomo, na kila mtu akajiona ametenda wema.

Lakini barua za Chande ziliendelea kuja. Wiki tatu kwenda, wiki tatu kurudi, "Kwa mama yangu mpenzi." Mfaume alisema, "Jibu. Miezi minne tu." Somoe akakaa kwenye mkeka ule ule, peke yake, akaandika: salamu nyingi, sisi wazima, mguu unaniuma. Mguu wenyewe ulikuwa chini ya udongo. Alipofika mwisho aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akachovya dole lake mwenyewe. Alilia mpaka wino ukakauka.

Barua ya pili hakulia. Ya tatu ilikuwa ndefu kidogo. Alimaliza mguu na mvua, akaona karatasi bado ina nafasi, akaandika jinsi nyumba inavyokuwa mtu anapoamka asimkute wa kumsalimia. Chande akajibu kwa furaha, "Mama, hujapata kuniandikia hivi! Niandikie zaidi." Jamani, Somoe alikuwa na miaka arobaini na hakuna mtu aliyepata kumwambia sema zaidi. Mume alimwambia nyamaza, kaka alimwambia jibu, mama alimwambia andika hivi na hivi. Akaandika zaidi. Aliandika habari ya uchungu wa kuachika kana kwamba ni uchungu wa ujane wa mama yake. Aliandika habari ya mikono inavyojifunza kusuka ukili wa mkeka kabla akili haijajua. Aliandika vizuri, na alijua anaandika vizuri, na hilo ndilo lililomkamata.

Miezi minne ikawa mwaka, mwaka ukaingia nusu. Siku moja ikaja barua: karatasi zimetoka. Mfaume akasema, "Haya, alhamdulillahi. Sasa mwandikie ukweli." Somoe akasema ndiyo. Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili, na huo Mfaume hakuusikia, maana alikuwa ameshashika mwiko wake anakwenda kazini. Ukurasa wa pili ulisema: "Mama, kilichobaki ni kiapo. Nikiapa, nimekuwa mtu wa huku, na pasi ya kwetu nairudisha. Radhi ni bora kuliko mali. Sitaapa mpaka unipe radhi yako. Ukisema hapana, nafunga mizigo narudi."

Somoe aliikunja barua, akaikunjua. Angesema mama amekufa, barua zingekwisha siku ile ile. Angesema hapana, ndugu yake angerudi akute kaburi na uongo. Siku mbili hakula. Siku ya tatu aliandika: "Mwanangu Chande, nimekupa radhi ya dunia na akhera. Kaa. Pale ulipolala ukaamka salama ndipo kwako." Akabonyeza dole, akafukiza udi. Jioni Mfaume akamuuliza, "Umemwandikia?"

"Nimemwandikia."

Lakini Chande amejibu nini, Mfaume hakuuliza, mwezi ule wala mwezi uliofuata. Moyo wake ulitulia, na aliyetulia haulizi.

Mwaka mwingine na nusu ukapita. Alasiri moja Somoe alikuwa mezani kwenye chumba alichokuwa akilala mama yake, akasikia, "Hodi! Hodi, mama! Nimekuja!"

Chande aliingia na koti mkononi na begi begani, amenenepa, mvi mbili tatu. Kwenye pasi yake mpya walimgongea uwanja wa ndege: mgeni, siku kumi na nne. Alimkumbatia dada yake huku macho yake yakipita juu ya bega lake. "Mama yuko wapi? Msimwambie, nataka ashtuke." Somoe akasema, "Kaa kwanza." Na kabla hajamaliza, habari ilikuwa imeshazunguka mtaa. Aliingia jirani wa kwanza na sahani ya wali. Akaingia wa pili na samaki wa nazi. Wakaingia wazee watatu, wakakaa ukutani, hawacheki. Mfaume akaja na vumbi la saruji mikononi. Wote wakasema kwa upole, "Kula, mwanangu. Kula kwanza."

Chande alilitazama sinia, akawatazama wazee. Miaka minane ya baridi haikumtoa mtu Mikindani. Alikuwa mtoto wa pale, alikuwa ameona watu wangapi wakilishwa namna ile!

"Kwa nini mnanilisha?" aliuliza. Akamgeukia Mfaume. "Kaka, kwa nini mnanilisha?"

Mzee mmoja akakohoa, akasema yale yanayosemwa. Chande akalia kama mtoto, na wanawake wakamfuata kwa kilio. Kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia. Kile kilikuwa kimemngojea. Alipotulia aliuliza, "Lini? Jana? Juzi?"

"Miaka mitatu," Mfaume akasema.

"Haiwezekani. Nina barua yake ya mwezi uliopita."

Wazee hawakujua habari ya barua. Walitazamana, wakaomba dua fupi, wakaondoka na majirani. Wakabaki watatu. Chande aliinuka akaenda chumbani kwa mama yake. Kitanda hakikuwapo. Palikuwa na meza, na wino, na karatasi imeanzwa: "Mwanangu Chande, juzi nimekuota umesimama mlangoni." Alirudi nayo mkononi.

"Dada. Hii nini?"

"Ni barua yako."

"Radhi yangu nilipewa na nani?"

"Na mimi," Somoe akasema. Aliona ndugu yake analitazama dole lake la kulia, lina wino mpaka kwenye ukucha, akalificha ndani ya kanga.

Chande alitia mkono begini akatoa kitabu. Jalada lilikuwa na picha ya Bi Asumini na jina la Chande kwa herufi kubwa. Ndani, kwa lugha ya baridi, mlikuwa na barua ishirini na mbili za mama kwa mwanawe, zimefasiriwa na mwanawe. Watu wa huko walizilia. Kwa ajili ya kitabu kile mji wao ulimpa nyumba ya kukaa mpaka afe, ina vyumba vinne na jiko la kuni. Alikuja kumwonyesha mama yake.

Somoe alikifungua. Hakuijua lugha, lakini tarehe ni tarehe. Alipita ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. "Tatu ni za mama," akasema. "Kumi na tisa zangu."

"Za mama zilikuwa mvua na mguu," Chande akasema kwa uchungu. "Nilidhani uzee umemfungua ulimi."

Hapo ndipo maneno yalipotoka yote, tangu homa ya mama mpaka ile radhi, na kila mmoja alikuwa na yake.

Chande alisema, "Mmeniibia msiba wangu! Mama ameniita, hamkuniita. Mmenizikia mama yangu mkaniachia karatasi. Na wewe, dada, nilisema wazi: sitaapa mpaka anipe radhi. Akisema hapana narudi. Nimeirudisha pasi ya kwetu, nimeijenga nyumba yangu juu ya radhi ya maiti. Sasa mimi ni mtu wa wapi? Huko nimeingia kwa radhi ya uongo, hapa nimegongewa mgeni. Nani kakupa ruhusa ya kusema kwa kinywa cha mama?"

Mfaume alisema, "Kama kuna kosa la mwanzo ni langu, nalisema. Nilimzuia Somoe mlangoni. Lakini nilizuia kwa miezi minne, kwa faida yako, tena mbele ya mji mzima. Karatasi zilipotoka nilisema, mwandikie ukweli. Nikaambiwa, nimemwandikia. Nilipaswa kufanya nini, niifungue bahasha ya dada yangu ninuse?"

"Ulipaswa kuuliza," Somoe akasema. "Miezi kumi na minane hukuuliza ndugu yako amepokeaje kifo cha mama yake. Hukuuliza kwa sababu hukutaka kujua. Ulitaka iwe imekwisha."

Kisha akamgeukia Chande. Sauti ilikuwa ikimtetemeka, maana hakuzoea kuisikia.

"Mimi nimekosa. Nilimwambia mama nimekuita na sikukuita, hilo nitalijibu mbele ya Mungu. Lakini wewe, Chande, unataka radhi ya mama kwa bahasha? Mama alikwambia uje. Kabla ya hayo mambo ya faili, miaka minne njia ilikuwa wazi, alikwambia uje, na hukuja. Umeandika barua miaka minane. Mimi nimesalimiwa kwa maneno mawili, 'msalimie dada.' Na maneno ya mama, yake au yangu, umeyaanika kwa watu wageni bila kumuuliza aliyeyasema. Uchungu wa talaka yangu wanausoma watu nisiowajua, na juu yake jina lako."

Chande akasema polepole, "Litabaki hivyo hivyo, dada. Nikisema si mama aliyeandika, wataniita mwongo, nyumba itakwenda. Nakuomba unyamaze."

Nyamaza! Neno lile lile la mume wake.

Somoe akakivuta kitabu tena. Kutoka katikati ikaanguka picha: Chande amevaa suti, mkono juu, anakula kiapo. Alikuwa amemwekea mama yake. Nyuma ya picha palikuwa na tarehe kwa mwandiko wa Chande mwenyewe. Somoe aliisoma, akainuka, akaleta kisanduku cha bati alimoweka barua, akatoa ile yenye kurasa mbili. Aliziweka pamoja mkekani, picha na barua, mpaka Mfaume akainama kutazama.

Barua iliandikwa Jumatatu. Kiapo kililiwa Ijumaa ya juma lile lile. Na posta, mnakumbuka, wiki tatu kwenda, wiki tatu kurudi.

"Ungefunga mizigo ukarudi?" Somoe akauliza. "Ulikuwa umeshaapa, Chande. Barua yako haijafika hata Dar es Salaam, ulikuwa umeshaapa."

Chande aliifunika picha kwa kiganja. "Siku waliipanga wao," akasema. "Ningeikosa, ningesubiri mwaka mwingine. Nilijua mama hatakataa."

"Mimi mama alinishika mkono," Somoe akasema, "na sikujua angesema nini."

Siku kumi na nne zikaisha. Asubuhi ya kuondoka, gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Mtwara likiwa linangoja barabarani, wale watatu walikwenda kaburini kwa mama yao. Kwao ndugu waliokoseana hawaagani hivi hivi. Husimama mbele ya kaburi la mzazi, mmoja akaanza kusema, "Nimekosa, niwie radhi," na wenzake wakafuata. Lakini anayeanza ndiye anayelibeba: amekiri mbele ya mzazi kwamba mlango wa kosa ulifunguliwa kwa mkono wake. Wakiachana bila hivyo, wameachana.

Walisimama. Mfaume alimtazama Somoe. Somoe, aliyekwisha kusema nimekosa ndani ya nyumba, alimtazama Chande, akajiambia kwamba hapa hataanza yeye, maana kuomba radhi ameanza yeye maisha yake yote. Chande alilitazama kaburi. Dereva akapiga honi mara moja. Akapiga ya pili. Udongo ulikuwa mkavu, na chini yake alilala mtu mwenye neno ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelijua: huenda lilikuwa kaa, huenda lilikuwa rudi.

Honi ya tatu ilipolia, Chande alichukua begi lake.

Basi, mimi nimefika hapa, sina zaidi. Nawaona mnaanza kunong'ona. Wewe unasema Mfaume, lakini yeye alizuia kwa miezi minne na hakuandika hata herufi moja. Wewe unasema Somoe, lakini radhi aliyoitoa ilikuwa imeshatanguliwa na kiapo. Nanyi mliokaa nyuma mnasema Chande, naye hakuomba kufichwa kifo cha mama yake. Kila mmoja ana haki yake, na gari linangoja. Je, nani alistahili kufungua mdomo kwanza?